Wolpepa ya Nyumba ya Mdoli Imeharibika: Soma Dalili Kabla ya Kubandua

Kasoro nyingi za wolpepa ya nyumba ya mdoli zinatokana na maji. Maji yamo ndani ya gundi, karatasi inayanywa na kutanuka, ubao ulio nyuma nao unayanywa, kisha vyote viwili vinakauka kila kimoja kwa kasi yake. Ndiyo maana karatasi iliyolala vizuri asubuhi inaweza kuwa na mikunjo jioni bila mtu kuigusa. Kabla ya kubandua chochote, jiulize maji yalikwenda wapi na yalikauka upande gani kwanza. Jibu litakuonyesha kama dawa ni kusubiri, sindano, pasi, au kuanza upya.

Mwongozo huu unahusu nyumba za kisasa za kipimo cha 1:12, ambamo sentimita 1 inasimamia sentimita 12 za nyumba halisi. Kuta ni za plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 3 hadi 6, madirisha ni mapana na ya akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), ukuta mmoja una mchoro na mingine ni ya rangi moja, na mara nyingi kuna taa za LED. Wolpepa yenyewe unaichapisha nyumbani au steshenari. Kwa nyumba za 1:18 kama za kampuni ya Lundby, au za 1:6 za Barbie, kanuni ni zilezile. Kinachobadilika ni ukubwa wa mchoro.

Viputo vimetokea chini ya karatasi

Angalia vimetokea lini. Kiputo kinachoonekana ndani ya dakika kumi za mwanzo, karatasi ikiwa bado mbichi, kwa kawaida ni karatasi inayotanuka tu. Usikitoboe, usikisugue. Karatasi ikikauka inajivuta, na kiputo kinakwenda chenyewe. Iache mpaka kesho yake. Kama uko Tanga, Mombasa au Unguja na ni masika, ipe siku mbili, kwa sababu hewa yenye unyevu inachelewesha kila kitu.

Kiputo kilichobaki baada ya hapo ndicho cha kushughulikia. Kigonge taratibu kwa ukucha. Kikitoa sauti kavu na tupu, chini yake hakuna gundi, au gundi ilikauka kabla haijashika karatasi. Kikiwa laini na kimya, gundi imejikusanya hapo na bado ni mbichi: weka karatasi ya kuokea juu yake, isukume polepole kwa kadi ya plastiki kuelekea ukingo ulio karibu, kisha egemeza kitabu.

Kwa kiputo kikavu, tumia bomba la sindano la dukani. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, toboa kwenye mstari mweusi au sehemu nyeusi ya mchoro ambako tundu halitaonekana, ingiza tone moja tu, kisha bonyeza kuanzia pembeni kuelekea kwenye tundu ili hewa ipate pa kutokea. Futa kilichotoka mara moja kwa sponji yenye unyevu. Ukiingiza gundi nyingi utapata kiputo kipya, safari hii cha maji.

Viputo vikavu vikiwa vimetapakaa ukuta mzima, ubao haukuzibwa. Hakikisha kwa tone la maji kwenye sehemu iliyobaki wazi: likizama ndani ya dakika moja, ubao una kiu, na ulikunywa maji ya gundi kabla karatasi haijatulia. Ukuta unaofuata uuzibe kwanza kwa sehemu 1 ya gundi ya mbao na sehemu 4 za maji, ukauke, upitishe msasa namba 240 kulainisha nyuzi zilizosimama, kisha pakaa mara ya pili. Kingo za MDF zilizokatwa zinakunywa kuliko uso wake, kwa hiyo zipe mkono wa tatu.

Mikunjo mirefu, mara nyingi ya wima

Huu si uzembe wa mkono. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ikilowa inatanuka kidogo sana kwa urefu wa nyuzi lakini inatanuka sana kwa upana wake. Kwenye A4, upande wa upana unaweza kuongezeka milimita 2 hadi 4. Ukiibandika ikiwa imelowa nusu, sehemu iliyobaki ya kutanuka inamalizikia ukutani, na kwa kuwa haina pa kwenda inakunjamana.

Jua kwanza nyuzi zinaelekea wapi. Kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 15, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana. Vishike pamoja kwa ncha moja, vikiwa vimelala hewani. Kinacholegea na kuning'inia zaidi kimekatwa kinyume cha nyuzi. Panga mchoro ili nyuzi zisimame wima ukutani. Hapo urefu wa ukuta hautabadilika, na ziada ya upana utaikata kwenye kona.

Kisha ipe karatasi muda wa kunywa. Pakaa gundi nyuma yake, isubiri dakika 2 au 3 kwa karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba, huandikwa kwenye pakiti), dakika 4 au 5 kwa ya gramu 120, ndipo uipandishe. Inapofika ukutani iwe imemaliza kutanuka. Gundi iwe na uzito wa mtindi. Ikichuruzika kwenye brashi ina maji mno. Gundi ya mbao peke yake inashika haraka na haikupi nafasi ya kusogeza. Sehemu 2 za gundi ya mbao na sehemu 1 ya gundi ya unga ya wolpepa, iliyokorogwa kama pakiti inavyoelekeza, inakupa dakika kadhaa za kurekebisha.

Uzito wa karatasi nao una neno. Gramu 80 inalegea na kuchanika ikilowa. Gramu 160 na kuendelea inakataa kukunjika kwenye kona na inavuta kingo. Gramu 100 hadi 120, isiyong'aa, ndiyo inayofaa.

Mikunjo iliyokwisha kukauka haitoki kwa kubonyeza. Kama umetumia gundi ya mbao, jaribu pasi: gundi hiyo inalainika kwa joto. Weka karatasi ya kuokea juu ya mkunjo, pasi isiyo na mvuke kwenye alama ya nukta mbili, bonyeza sekunde 10, ondoa, kisha bonyeza kwa kitu baridi na bapa mpaka ipoe. Mikunjo midogo inalala. Mikubwa inabaki na mstari, na hapo ni kubandua tu.

Kwa ukuta mmoja wenye mchoro, ambao ndio uso wa nyumba ya kisasa, njia bora ni kubandika kwa pasi tangu mwanzo. Pakaa gundi ya mbao nyembamba ukutani na nyuma ya karatasi, acha vyote vikauke kabisa, weka karatasi mahali pake, kisha pitisha pasi juu ya karatasi ya kuokea kuanzia katikati kwenda kingoni. Maji yameshaondoka, kwa hiyo hakuna kutanuka, wala viputo. Usifanye hivyo kwenye akriliki, plastiki au ubao wa foma. Chapisho la leza lijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, maana unga wake wa rangi unalainika kwa joto na unaweza kung'aa au kushika.

Wino umechuja au rangi zimeingiliana

Umetumia printa ya wino yenye rangi za kuyeyuka majini. Gundi ikipenya, nyeusi inaacha kivuli cha zambarau na nyekundu inatambaa. Ukuta uliokwisha chuja hauna tiba.

Kwa chapisho jipya kuna njia mbili. Rahisi ni kuchapisha kwa leza, na steshenari nyingi zinayo. Unga wa leza haujali maji, ila unapasuka penye kunja na kuacha mstari mweupe. Kwenye kona kunja mara moja tu, kwa kufuata rula, kisha pitisha penseli ya rangi inayofanana. Njia ya pili ni kupuliza vanishi isiyong'aa juu ya chapisho la wino: mikono miwili au mitatu myepesi, dakika 15 kati ya mkono na mkono, kisha ilale usiku kucha. Sprei ya nywele haifai, kwani inageuka njano.

Vanishi hiyo ina tabia ya kujua mapema. Uso uliozibwa haunywi maji, mgongo unakunywa, kwa hiyo mgongo unatanuka peke yake na kingo zinajikunja kuelekea kwako, mbali na ukuta. Pitisha kitambaa kwenye kingo kila baada ya dakika chache mpaka gundi ishike.

Maungio yamefunguka, mstari mweupe unaonekana

Karatasi ilivutwa ilipokuwa imelowa, ikajirudi ilipokauka. Usiivute karatasi iliyolowa kukutana na mwenzake. Isukume kwa kiganja. Kabla ya kubandika, pitisha penseli ya rangi kwenye unene wa kila ukingo uliokatwa, maana ni ule weupe wa ndani ya karatasi unaoonekana kwanza.

Lakini afadhali kuepuka maungio. A4 ina milimita 210 kwa 297, na printa nyingi huacha milimita 3 hadi 6 kila ukingo bila kuchapa. Ukuta wa sentimita 30 kwa 24 haukai humo, ila unakaa kwenye A3. Pale ambapo ungio halikwepeki, liweke kwenye kona au mahali kabati litakaposimama, wala si katikati ya ukuta mkabala na mtazamaji.

Madoa yanayojitokeza siku au wiki baadaye

Rangi ya doa inasema chanzo chake.

Nukta ndogo za rangi ya kutu, zilizopangika kwa mstari, ni vichwa vya misumari au pini. Gundi yenye maji imegusa chuma. Kwenye nyumba mpya, zamisha vichwa hivyo kidogo, tia puti, kisha weka tone la rangi ya mafuta au hata rangi ya kucha juu ya kila kimoja kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba ubao.

Madoa ya kahawia yenye kingo zisizo wazi, hasa kwenye plaiwudi nyekundu au penye fundo la mbao, ni rangi ya mti inayoyeyuka majini na kupanda hadi kwenye karatasi. Kuziba kwa gundi na maji hakuizuii. Kunaweza hata kuiamsha. Hapa panataka praima ya mafuta au rangi nyeupe ya mafuta, mikono miwili, ikauke kabisa, kisha msasa mwepesi ili gundi ipate pa kushika.

Madoa ya njano yenye umbo la mstatili ni selotepu ya zamani iliyoachwa chini ya karatasi. Madoa ya kijivu au meusi yenye vumbi na harufu ni ukungu, na mara nyingi gundi iliyotumika ni uji wa unga wa ngano. Uji unashika karatasi vizuri sana, lakini ni chakula: ukungu unaula, mende wanaula, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula vitabu wanaula pia. Pwani usiutumie. Palipoota ukungu, bandua sehemu yote, acha ubao ukauke juani siku nzima, ufute, uzibe, ndipo uweke karatasi mpya.

Mabaka yanayong'aa ukiangalia kwa pembeni ni gundi iliyobaki usoni. Ikiwa mbichi futa kwa kugusagusa na sponji, bila kusugua. Ikiwa imekauka, puliza vanishi isiyong'aa ukuta mzima ili mng'ao ulingane.

Ukuta wenyewe umepinda

Karatasi ikikauka inajivuta, na inavuta ubao mwembamba pamoja nayo. Ubao unaingia ndani upande wenye wolpepa. Plaiwudi ya milimita 3 iliyobandikwa upande mmoja tu inapinda kwa urahisi, na kuigandamiza kwa mikono hakusaidii kwa sababu nguvu inayoivuta bado ipo.

Dawa ni kuupa upande wa pili mvuto uleule. Kama ubao haujaunganishwa, futa mgongo wake kwa sponji yenye unyevu, bandika karatasi nyeupe ya uzito uleule, gundi ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, kisha uuweke kati ya mbao mbili bapa zenye karatasi ya kuokea, na vitabu vizito juu, siku mbili. Utanyooka karatasi ya pili inapokauka. Kwa hiyo kuta nyembamba zipambe kabla ya kuunganisha nyumba, pande zote mbili siku moja.

Nyumba iliyokwisha unganishwa inataka njia nyingine, ya ukuta wa kadi, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba yoyote ya kisasa. Kata kadi ngumu ya milimita 1 kwa umbo la ukuta, ukiipunguza milimita 1 kwa urefu na milimita 1 kwa upana ili unene wa karatasi upate nafasi. Bandika wolpepa juu yake, acha sentimita 1.5 kila upande na uikunjie nyuma. Penye dirisha kata alama ya X kwenye karatasi na ukunje pembetatu zote nne nyuma. Kingo za dirisha zitakuwa safi kuliko kisu chochote kinavyoweza kukata. Funika mgongo kwa karatasi nyeupe. Ingiza ukuta wa nyuma kwanza, kisha wa pembeni, maana wa pembeni ndio unaoubana wa nyuma. Vipande vidogo vya tepu ya pande mbili kwenye kona vinatosha. Mtoto akichoka na mchoro, kadi inatoka bila kuumiza nyumba.

Inabanduka kwenye plastiki, akriliki au ukuta uliopakwa rangi ya mafuta

Gundi yenye maji haina pa kuuma kwenye uso laini. Kwa rangi ya mafuta, piga msasa namba 240 mpaka mng'ao upotee. Kwa akriliki, osha kwa maji ya sabuni na ukaushe kwa kitambaa laini; usitumie spiriti, kwani inaweza kutia akriliki nyufa nyembamba zisizotoka tena. Kisha tumia tepu pana ya pande mbili, au ukuta wa kadi.

Mistari inaegemea, mchoro hauonekani wa kweli

Mistari ikiegemea, kona ya nyumba haina pembe mraba. Usiufuate ukingo wa ukuta. Chora kwa penseli mstari mmoja wima kwa kigunia (kipimo cha pembe mraba), anzia hapo, na tofauti ikatwe kwenye kona. Mchoro wa mistari ya wima unafichua kila kosa, wa majani unasamehe.

Mchoro usiooana kati ya karatasi mbili, wakati umekata sawasawa, unatokana na printa iliyopunguza ukubwa ili kuingiza ukurasa mzima. Weka mstari wa milimita 100 pembeni mwa faili, chagua ukubwa halisi, asilimia 100, na upime kwa rula baada ya kuchapa. Ukipata milimita 96, chapisha upya. Karatasi zote za chumba kimoja zitoke kwa mkupuo mmoja, la sivyo rangi hazitalingana.

Kama kila kitu ni safi lakini chumba kinaonekana cha kuchezea, mchoro ni mkubwa. Roli ya kawaida ya wolpepa Ulaya ina upana wa sentimita 53. Kwa 1:12 hiyo ni sentimita 4.4. Ua la sentimita 9 ukutani linakuwa milimita 7.5. Karatasi ya kufungia zawadi huwa inashindwa mtihani huu. Kanga inaufaulu vizuri: piga picha ya pindo lenye upana wa sentimita 12, lichapishe kwa 1:12, na una mkanda wa sentimita 1 wa kuzungusha juu ya ukuta. Mistari iwe na unene usiopungua milimita 0.3, na faili iwe na nukta 300 kwa inchi; ukuta wa sentimita 30 unataka pikseli 3,543 kwa upana.

Ukiona rangi zinafifia upande wa dirisha, ni jua na wino wa kuyeyuka majini. Sogeza nyumba, au uchapishe upya kwa leza.

Waya za taa zinaonekana chini ya karatasi

Karatasi ya gramu 100 inafuata kila mwinuko. Chimba mfereji mwembamba kwa ncha ya kisu, laza waya ndani, tia puti, msasa, praima. Tepu ya shaba, inayopitisha umeme badala ya waya, ni nyembamba kiasi cha kulala bila mfereji, lakini isugue kwa ukucha mpaka kingo zilale. Jaribu taa kabla ya kubandika, zima, na usiziwashe tena mpaka gundi imalize saa 24.

Ikibidi kubandua

Gundi ya unga ya wolpepa inaachia kwa maji ya vuguvugu: lowesha kwa sponji, subiri dakika 10, inua kuanzia kona kwa kadi ya plastiki. Kwa gundi ya mbao, joto linafaa kuliko maji. Pasha kwa pasi juu ya karatasi ya kuokea au kwa mashine ya kukaushia nywele, eneo la kiganja kimoja kwa wakati, na uvute karatasi ikiwa bado moto, ukiilaza karibu na ukuta. Kwenye MDF usiloweshe kabisa; ikinywa maji inavimba na hairudi ilivyokuwa. Mabaki yaliyobaki yapigwe msasa yakiwa makavu, kisha ubao uzibwe upya kabla ya karatasi nyingine.